Kimya Kingi Kina Mshindo Mkuu: Wapiga Kura wa Zambia na Anguko la Rais Kaunda, 1991



Mwezi wa Oktoba 1988 raia wa Zambia waliitwa kupiga kura. Mgombea wa urais alikuwa mmoja tu, Kenneth Kaunda, naye mpiga kura alitakiwa kujibu swali moja: ndiyo au hapana. Zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga kura walijibu ndiyo. Tarehe 31 Oktoba 1991, miaka mitatu tu baadaye, raia wa nchi ileile walirudi kwenye vituo vya kura. Mara hiyo Kaunda alipata asilimia 24, na mpinzani wake, Frederick Chiluba, akapata karibu asilimia 76.

Hakuna vita iliyopita katikati ya kura hizo mbili. Mipaka ya nchi haikubadilika, wala hawakuhamia watu wapya. Walibadilika walewale waliokuwapo. Ni nini basi kilichowageuza? Swali hilo linatuhusu, kwa maana Zambia ni jirani yetu wa karibu. Shaba ya Kitwe na shaba ya Likasi zimo katika ukanda mmoja wa ardhi, na unga wa mahindi ambao wao huupikia nshima ndio huohuo sisi tunaoupikia bukari au ugali, kadiri ya mahali.

Katika kila nchi yenye uchaguzi kuna watu wa aina tatu. Kuna wanaompenda kiongozi hata akikosea, kwa sababu ni wa kwao au amewafadhili. Kuna wanaomkataa hata akitenda mema. Katikati yao kuna kundi la tatu: watu wasiofungwa na chama, wanaompa kiongozi kura yao na wanaoweza kuichukua tena. Mara nyingi hawapigi kelele. Huenda kazini, sokoni na kanisani, husikiliza, hulinganisha maneno na matendo. Tukitaka kuelewa kwa nini rais aliye madarakani huangushwa, inatupasa kuwatazama hao.

Baba wa taifa

Kenneth Kaunda alizaliwa tarehe 28 Aprili 1924 katika misioni ya Lubwa, karibu na Chinsali, ambako baba yake, David Kaunda, aliyetoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, alikuwa mhubiri na mwalimu. Aliongoza chama cha UNIP katika kupigania uhuru, na tarehe 24 Oktoba 1964 akawa rais wa kwanza wa Zambia.

Haifai kumsimulia kana kwamba alikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Zambia ilipata uhuru ikiwa na raia wapatao 100 tu waliomaliza chuo kikuu. Serikali yake ilijenga shule na zahanati kila pembe ya nchi, na Chuo Kikuu cha Zambia kilifungua milango mwaka 1966. Katika nchi yenye makabila zaidi ya 70, aliwafundisha watu kujiona taifa moja. Aliwapokea wapigania uhuru wa nchi za kusini, na chama cha ANC cha Afrika Kusini kiliweka makao yake makuu Lusaka kwa miaka mingi. Mwaka 1973 mpaka na Rhodesia ulipofungwa, Zambia ilipoteza njia yake kuu ya kupitishia bidhaa kwenda baharini. Wachina walisaidia kujenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Wazambia waliumia kwa ajili ya uhuru wa majirani, na wengi walikubali kuumia hivyo, kwa sababu walimwamini aliyewaomba.

Imani hiyo ndiyo iliyokuwa mali ya Kaunda. Lakini taratibu akaanza kuilinda kwa sheria badala ya kuitafuta kila siku kwa watu. Mwaka 1971 rafiki yake wa utotoni, Simon Kapwepwe, aliyekuwa makamu wa rais, aliunda chama kingine kilichopata nguvu katika miji ya shaba na kaskazini. Februari 1972 chama hicho kilipigwa marufuku na Kapwepwe akafungwa. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ilitamka kwamba UNIP itakuwa chama pekee nchini. Mwaka 1978 Kapwepwe na Harry Nkumbula walipojaribu kusimama dhidi ya Kaunda ndani ya chama hichohicho, masharti ya kugombea yalibadilishwa ili wasiweze kupita. Hali ya hatari, iliyotangazwa kabla ya uhuru, iliendelezwa karibu muda wote wa utawala wake, na kwa nguvu yake mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Hivyo ile asilimia 95 ya mwaka 1988 ilikuwa na maana gani? Wamo waliompenda kweli. Wamo pia waliojibu ndiyo kwa sababu hapakuwa na jina lingine la kuchagua, na wapo waliobaki nyumbani. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kiongozi akishafunga midomo ya watu, yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukosa habari za nyumbani mwake.

Shaba na unga

Zambia ya miaka ile iliishi kwa shaba. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni zilitokana na madini hayo. Bei yake ilipoporomoka katika masoko ya dunia mwaka 1975, serikali ilidhani ni shida ya muda mfupi, ikakopa ili kuendelea kama zamani. Bei haikurudi ilivyokuwa. Kufikia mwaka 1990 deni la nje lilikuwa takriban dola bilioni 7, mzigo mkubwa mno kwa taifa la watu wasiozidi milioni 8.

Mzigo huo ulifika mezani kwa mfanyakazi kwa njia ya unga. Karibu watu 4 kati ya 10 waliishi mijini, bila mashamba, wakinunua chakula chao chote. Kwa muda mrefu serikali ililipa sehemu ya bei ya unga ili uwe rahisi. Shirika la Fedha la Kimataifa lilidai malipo hayo yaondolewe. Desemba 1986 bei ya unga mweupe ilipandishwa zaidi ya mara mbili. Watu wa Kitwe, Ndola na miji mingine ya Copperbelt walifurika barabarani, maghala yakavunjwa, na watu wapatao 15 walipoteza maisha. Kaunda alirudisha bei ya zamani, na tarehe 1 Mei 1987 akatangaza kuachana na masharti ya Shirika hilo. Baadaye, fedha zilipokwisha, ilimbidi kuyarudia.

Copperbelt haikuwa ngome ya wapinzani tangu zamani. Wachimba madini walikuwa miongoni mwa waliomwinua Kaunda na UNIP katika siku za kupigania uhuru. Hao walimpa kura wakitarajia jambo fulani: kazi yenye heshima, shule kwa watoto, dawa hospitalini, unga nyumbani. Kwao kura ilikuwa agano. Walipoona kwamba upande mmoja wa agano hautimizwi, nao wakajiona wako huru.

Hata hivyo njaa peke yake haielezi yote. Mataifa mengi yamevumilia njaa bila kumwacha kiongozi wao, ilimradi waliona kwamba anaumia pamoja nao na anawaambia ukweli. Wazambia walivumilia taabu za miaka ya 1970 kwa moyo. Katika miaka ya 1980 hawakuvumilia tena, kwa sababu waliona wakubwa wa chama wakipata bidhaa ambazo wao walizipangia foleni tangu alfajiri, na kila aliyeuliza aliitwa adui wa taifa. Njaa iliwafanya waulize; namna walivyojibiwa ndiyo iliyowafanya waondoke.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio karibu sana na huo. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, watu wa Israeli wanamwendea Roboamu, mwana wa Solomoni, huko Shekemu. Hawaji na silaha. Wanamwomba tu awapunguzie mzigo ambao baba yake aliwatwika, nao watamtumikia. Wazee wanamshauri awasikilize. Yeye anafuata shauri la vijana waliokua pamoja naye, anawajibu kwa ukali kwamba mzigo utaongezwa, na makabila kumi yanamwacha. Tazameni mpangilio wa mambo: uzito wa mzigo uliwaleta watu mbele ya mfalme, lakini ni jibu lake lililowapeleka mbali naye. Na sisi vijana tukumbuke kwamba washauri wabaya wa siku ile walikuwa vijana.

Juni 1990 na mwaka uliofuata

Mwezi wa Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa tena zaidi ya mara mbili. Ghasia zilianza Lusaka tarehe 25, zikadumu siku tatu, na zaidi ya watu 20 waliuawa. Alfajiri ya tarehe 30 Juni luteni mmoja, Mwamba Luchembe, aliingia katika kituo cha redio akatangaza kwamba jeshi limetwaa madaraka. Halikuwa jeshi zima, naye alikamatwa baada ya saa chache. Lakini katika saa hizo chache watu wa Lusaka walitoka nje wakishangilia. Shangwe hiyo ilimwambia Kaunda jambo ambalo kura za asilimia 95 zilimficha.

Wiki tatu baadaye, Julai 1990, watu wa mazingira mbalimbali walikutana katika hoteli ya Garden House mjini Lusaka. Walikuwamo viongozi wa wafanyakazi, wanasheria, wafanyabiashara, wasomi na wanafunzi. Humo ndimo ilimozaliwa harakati ya MMD, iliyodai kurudishwa kwa vyama vingi. Mwenyekiti wake wa kwanza, Arthur Wina, alikuwa amewahi kuwa waziri wa fedha wa Kaunda mwenyewe. Baadaye aliungana nao Humphrey Mulemba, aliyekuwa katibu mkuu wa UNIP. Kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Frederick Chiluba, alijulikana kila mahali, kwa kuwa mwaka 1981 alifungwa bila hukumu kisha akaachiliwa na mahakama. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuiongoza MMD mwanzoni mwa mwaka 1991.

Hapa tunajifunza jambo la pili juu ya wapiga kura wa katikati. Mtu anaweza kuchoka na kiongozi kwa miaka mingi bila kumwacha, kwa sababu haoni mahali pa kwenda. Mama wa Ndola aliyemwona waziri wa zamani, kiongozi wa wafanyakazi na mwanasheria wakikaa meza moja alipata ujasiri wa kusema kwamba kumkataa Kaunda hakumaanishi kulikataa taifa. Wale waliotoka ndani ya UNIP waliwafungulia njia waliobaki.

Kaunda alipinga kwanza, akionya kwamba vyama vingi vitarudisha chuki za kikabila na kumwaga damu. Alipendekeza kura ya maoni, akaiahirisha, mwishowe akaiacha, na Desemba 1990 bunge, ambalo wabunge wake wote walikuwa wa UNIP, lilifuta kifungu cha chama kimoja. Alikubali pia uchaguzi ufanyike Oktoba 1991, ingawa muda wake ulikuwa ungali na miaka miwili. Kwa hilo anastahili sifa. Alikuwa na polisi, jeshi na redio ya taifa, naye alijua kwamba anaweza kushindwa.

Kanisa katikati ya pande mbili

Tangu mwaka 1979 viongozi wa Kanisa Katoliki na wa madhehebu mengine ya Kikristo nchini Zambia walikuwa wamezoea kusema kwa sauti moja. Mwaka huo walitoa barua ya pamoja kupinga mpango wa kufundisha ujamaa wa kisayansi mashuleni. Julai 1990, wiki chache baada ya ghasia za unga, maaskofu Wakatoliki walitoa barua ya kichungaji juu ya uchumi, siasa na haki. Jarida la Kikatoliki Icengelo, lililochapishwa Ndola kwa lugha ya Kibemba, liliwafikia waamini wa kawaida kwa lugha ya nyumbani kwao, wakati magazeti makubwa na redio vilikuwa mikononi mwa serikali.

Julai 1991 mabishano juu ya katiba mpya yalikuwa makali kiasi kwamba MMD ilitishia kususia uchaguzi. Viongozi wa makanisa waliwaalika Kaunda na Chiluba wakutane katika kanisa kuu la Waanglikana mjini Lusaka. Wakakaa, wakazungumza, wakapatana juu ya mambo makuu, na mwezi wa Agosti katiba ikapitishwa. Kisha makanisa pamoja na vyama vya raia wakawafundisha walei waangalizi wa uchaguzi, wakawapeleka katika vituo nchini kote.

Kazi hiyo ilimgusa hasa mpiga kura yule asiyefungwa na chama. Mtu wa chama atakwenda kupiga kura hata katika mvua ya mawe. Yule wa katikati hujiuliza: je, kura yangu itahesabiwa? Je, watajua nilivyochagua? Alipomwona katekista wa kijiji chake au mwanamke wa jumuiya yake akiketi kituoni na daftari, alipata sababu ya kutoka nyumbani. Na tutambue kwamba Kanisa halikumwambia amchague nani.

Siku ya kura na baada yake

Tarehe 31 Oktoba 1991 ilipita kwa utulivu. Katika bunge la viti 150, MMD ilipata 125 na UNIP 25. Mkoa wa Mashariki pekee ulibaki na Kaunda kwa ukamilifu, viti vyake vyote 19, jambo linalotukumbusha kwamba si wote waliogeuka. Wala tusisahau kwamba chini ya nusu ya walioandikishwa ndio waliopiga kura. Wengine waliomwacha Kaunda hawakumwendea Chiluba. Walikaa tu nyumbani. Kukaa nyumbani nako ni namna ya kusema, ila ni sauti ambayo kila mtu huitafsiri apendavyo.

Kaunda alikubali matokeo, na tarehe 2 Novemba Chiluba aliapishwa. Katika miezi hiyohiyo nchi yetu, iliyoitwa Zaire, ilikuwa na Mkutano Mkuu wa Taifa uliofunguliwa Agosti 1991, na mwezi wa Septemba askari wasiolipwa walipora Kinshasa na miji mingine. Jirani zetu walibadilisha rais kwa karatasi na kalamu. Wakristo wetu waliotembea Kinshasa tarehe 16 Februari 1992, na wale waliomwaga damu yao siku ile, walidai njia ya amani kama hiyo.

Je, shangwe ya Wazambia ilidumu? Kwa sehemu tu. Desemba 1991 Chiluba alitangaza Zambia kuwa taifa la Kikristo, bila kushauriana na maaskofu Wakatoliki wala na Baraza la Kikristo la nchi yake. Wengi walifurahi, lakini maaskofu walikumbusha kwamba imani ya taifa huonekana katika haki linayowatendea maskini. Mashirika ya serikali yaliuzwa, maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa kwa namna iliyomzuia Kaunda kugombea tena, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Siku ya Noeli ya mwaka 1997 mzee huyo alikamatwa, akishutumiwa kuhusika na jaribio la mapinduzi. Baadaye mashtaka yalifutwa. Walioteswa jana walikuwa wamejifunza haraka mazoea ya waliowatesa.

Lakini Wazambia nao walikuwa wamejifunza. Mwaka 2001, Chiluba alipotaka kugombea muhula wa tatu kinyume cha katiba, maaskofu Wakatoliki, makanisa mengine, chama cha wanasheria na vyama vya wanawake waliunda jukwaa lililoitwa Oasis. Raia walivaa utepe wa kijani, na kila Ijumaa jioni magari yalipiga honi mijini. Mwanzoni mwa Mei 2001 Chiluba alitangaza kwamba hatagombea.

Mwaka 2011 Rais Rupiah Banda aliangushwa na Michael Sata, aliyepata karibu asilimia 42 dhidi ya 35. Katika kampeni ile wapinzani walieneza usemi mmoja wa mitaani, «donchi kubeba», maana yake usiwaambie. Waliwashauri watu wapokee fulana na vitenge vya chama tawala, wanyamaze, kisha wapige kura wapendavyo. Wengi wetu tutacheka, lakini usemi huo unahitaji kupimwa kwa dhamiri. Ni kweli kwamba zawadi haiwezi kununua dhamiri ya mtu huru. Ni kweli pia kwamba anayepokea anamfundisha mtoaji kuendelea kutoa, na fedha za fulana mara nyingi ni zilezile zilizokosekana kwenye dawa za zahanati.

Mwaka 2021 historia ilijirudia. Rais Edgar Lungu, aliyeshinda mwaka 2016 kwa zaidi kidogo tu ya asilimia 50, alikuwa anatawala nchi ambayo Novemba 2020 ilishindwa kulipa deni lake la nje. Mpinzani wake, Hakainde Hichilema, alikuwa ameshindwa mara tano, na mwaka 2017 alikaa kizuizini miezi minne kwa shtaka la uhaini lililofutwa baadaye. Zaidi ya nusu ya walioandikishwa walikuwa na umri usiozidi miaka 35. Tarehe 12 Agosti vijana hao walisimama kwenye foleni hadi usiku. Hichilema alipata zaidi ya kura milioni 2.8, akimzidi Lungu kwa karibu milioni moja, na miji ya Copperbelt iliyokuwa na chama cha Lungu miaka mitano kabla ikawa imegeuka. Lungu alikubali matokeo na kuhudhuria kuapishwa kwa mshindi. Kaunda hakuuona uchaguzi huo: alifariki tarehe 17 Juni 2021, mwenye umri wa miaka 97, na taifa lililomkataa kwa kura lilimlilia kama baba. Kumwondoa mtu katika kiti hakukulazimisha kumwondoa moyoni.

Mambo ya kushika

Kwanza, wingi wa sifa si kipimo cha upendo. Mahali ambapo watu hawana ruhusa ya kusema hapana, ndiyo yao haina uzito. Hilo ni kweli kwa taifa, na ni kweli kwa kamati ya vijana ya parokia.

Pili, mpiga kura asiyefungwa hapaswi kudharauliwa kama kigeugeu. Anayebadilisha kura yake kwa sababu amepewa sahani ya wali ni kigeugeu. Anayeibadilisha baada ya kupima kazi iliyofanyika anatimiza wajibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes namba 75, unawakumbusha raia wote kwamba kupiga kura kwa uhuru kwa ajili ya manufaa ya wote ni haki yao na pia ni wajibu wao. Anayeapa kumfuata kiongozi wa kabila lake hata iweje amejinyima haki hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Tatu, kura ni mwanzo wa kazi. Wazambia wa 1991 walidhani wamemaliza walipombadilisha rais. Wale wa 2001 walielewa kwamba huyo mpya naye lazima aangaliwe, kwa upole na kwa uthabiti, kila Ijumaa ikibidi.

Maswali ya kushirikishana katika vikundi

1. Katika kikundi chetu, je, mtu anaweza kumpinga kiongozi wetu bila kuitwa adui? Tutoe mfano.

2. Tukisoma tena 1 Wafalme 12, 1-19, je, sisi vijana tunawashauri wakubwa wetu kama wazee wale au kama vijana wale?

3. Mgombea akileta fulana, vitenge au pesa ya vinywaji katika mtaa wetu, tumjibu nini? Je, inatosha kupokea na kunyamaza?

4. Ni mambo gani matatu tungempimia kiongozi wa mtaa, wa jimbo au wa taifa, kabla ya kumpa kura yetu au kumnyima? Kila mmoja ayaandike kwanza peke yake, kisha tuyalinganishe.